Je, wajua? Kama nikotini ni ileile, anayehama sigara kwenda vepu, yani sigara ya kielektroniki, anakuwa ameacha nini?

Kaka yangu alianza kuvuta sigara akiwa na miaka 17, na siku aliyonionesha kadude kake kapya ka betri akaniambia "mdogo wangu, fegi nimeacha", nilimjibu kwa uhakika kabisa kwamba hajaacha kitu. Nikamwambia kahamisha sumu kutoka chombo hiki kwenda chombo kile, manake nikotini imo humo humo na nikotini ndo inaleta kansa. Akaniuliza swali moja tu: sasa mbona wanaotaka kuacha sigara wanapewa plasta za nikotini na madaktari, yani wanabandikwa kansa mkononi?

Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma, na nikakuta lile nililokuwa naliamini miaka yote siyo kweli. Na ni kosa la watu wengi, wakiwemo wataalamu, maana madaktari wa Marekani walipohojiwa, takriban 8 kati ya 10 walisema nikotini yenyewe inasababisha kansa. Haisababishi. Hapa nataka tukae kwanza, kwa sababu mtu akilikosea hili, mengine yote kuhusu kuhama sigara anayakosea.

Nikotini inafanya nini? Inakufunga. Ukivuta sigara, ndani ya sekunde 10 mpaka 20 nikotini imeshafika kwenye ubongo, inaachia dopamini, unajisikia vizuri, alafu inaanza kushuka na arosto inaingia: hasira za bure, akili haitulii, mkono unapapasa mfukoni. Inapandisha mapigo ya moyo na kubana mishipa ya damu kwa muda, siyo salama kwa mjamzito, na kwa kijana ambaye ubongo wake bado unakua ni hatari kweli. Kwahiyo siisafishi nikotini hata kidogo. Ila IARC, lile shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, limeweka moshi wa tumbaku kwenye kundi la kwanza la visababishi vya kansa kwa binadamu, wakati nikotini yenyewe halijaitangaza kuwa kisababishi.

Mfano mzuri uko Sweden. Kule wanaume wengi wanatumia snus, tumbaku inayowekwa chini ya mdomo wa juu, wanapata nikotini nyingi tu kila siku kwa miaka na miaka, lakini hawachomi kitu. Na wanaume wa Sweden wana viwango vya chini kabisa vya kansa ya mapafu ukilinganisha na wenzao wa Umoja wa Ulaya. Hapa kuna angalizo, tumbaku ya kutafuna kwa ujumla siyo salama, inaleta kansa ya mdomo, kwa sababu ya kemikali zinaitwa nitrosamini zinazojitengeneza wakati majani yanakaushwa na kuhifadhiwa, na snus ya Sweden inatengenezwa kwa joto la mvuke kwahiyo nitrosamini zake ni kidogo. Ona hapo tena, shida inakuja na yale yanayoambatana na nikotini.

Michael Russell, daktari wa Uingereza aliyetumia maisha yake kuchunguza uraibu wa sigara, alishalisema hili tangu mwaka 1976, kwamba watu wanavuta kwa ajili ya nikotini lakini kinachowaua ni lami, yale masizi ya kunata yanayokuja na moshi. Kosa limedumu kwa sababu nikotini na moshi wametembea pamoja kwa muda mrefu mno. Chukulia mgeni anayekuja kwako kila siku na mbwa mkali. Mgeni ndo anayekufanya ufungue mlango, mbwa ndo anayeng'ata. Ukishang'atwa miaka 30 huwezi tena kuwatenganisha, unamlaumu yule unayemjua jina.

Na kosa hili lina gharama. Mtu anapewa plasta ya nikotini, anaiogopa, anaibandua kabla ya wakati, anarudi kwenye sigara. Au anahamia vepu na kwa nia njema kabisa anachagua kimiminika cha kuweka humo kisicho na nikotini, au chenye kidogo sana, akidhani ndo usalama, arosto inampanda na kufika jioni ana fegi mkononi. Na yule anayevumilia kimiminika hafifu anavuta kwa nguvu zaidi, kwa muda mrefu zaidi, mara nyingi zaidi, ili apate kile mwili unachodai, matokeo yake anaingiza mvuke mwingi kuliko ambavyo angeingiza. Ni jambo lilelile lililotokea kwa sigara zilizouzwa kama "light". Zile zilitobolewa vitundu vidogo kwenye kichungi ili hewa ichanganyike na moshi, mashine za kupimia zikatoa namba nzuri, lakini watu siyo mashine, walivuta kwa nguvu na wengine kuziba vile vitundu kwa vidole na midomo bila hata kujua.

Haya, kama siyo nikotini, ni nini? Ni kuungua. Hapa ndo penye utamu wa swali lote.

Chukua kitambaa kilicholowa maji. Ukitaka kiwe kikavu unaweza kukianika juani, maji yataondoka yakiwa maji yale yale, yamebadilika tu kutoka majimaji kuwa mvuke, na ukiweka kioo baridi juu yake utayapata tena matone. Au unaweza kukitupa motoni. Nacho kitakauka, lakini hutapata tena kitambaa wala maji, utapata majivu, masizi, na harufu iliyojaa nyumba nzima, vitu ambavyo dakika 5 zilizopita havikuwepo popote. Mvuke ni kitu kilekile kimebadili hali. Moshi ni kitu kilichovunjwa vipande vipande alafu vipande vikashikana upya ovyo ovyo, kila kimoja na kilicho karibu nacho. Ndo maana jani ambalo lilikuwa na kemikali chache za hatari likichomwa linatoa moshi wenye kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kuleta kansa. Nyingi hazikuwekwa na mtu kiwandani. Zinazaliwa pale kwenye ncha nyekundu, kila unapovuta, kwenye joto linalokaribia nyuzi 900 za selsiasi.

Vepu haina ncha nyekundu. Ina betri, waya mdogo uliosokotwa unaoitwa koili, na pamba iliyolowa kimiminika: propilini glaikoli, glisarini, ladha na nikotini. Ukivuta, koili inapata moto wa kama nyuzi 200 mpaka 300 hivi, kimiminika kinageuka mvuke, basi. Hakuna jani, hakuna majivu, na kwa sababu hakuna kinachowaka, hakuna lami na hakuna kaboni monoksaidi ya kuongelea.

Hiyo kaboni monoksaidi inastahili maelezo yake, maana watu wakisikia sigara wanawaza mapafu tu. Fikiria damu yako ni msururu wa mabasi, viti vyake ni himoglobini, abiria ni oksijeni, na kituo cha kushukia ni moyo, ubongo, misuli, kila mahali. Kaboni monoksaidi ni abiria anayeng'ang'ania kiti zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, akishakaa hashuki, basi linazunguka vituo vyote na yeye yupo. Kwa mvutaji mzito kiti 1 kati ya 10 kinaweza kuwa kimekaliwa hivyo kutwa nzima, na moyo unalazimika kuendesha mabasi haraka zaidi ili kufidia, wakati huohuo nikotini inauongezea mbio. Ukiacha kuvuta moshi, nusu ya hao abiria wanashuka ndani ya saa 4 mpaka 6, na baada ya siku moja au mbili viti karibu vyote viko huru. Nadhani hili ndo badiliko la haraka kuliko yote katika safari nzima ya kuacha sigara, na halihitaji mtu awe ameacha nikotini.

Kaka alinionesha jaribio ambalo yeyote anayevuta anaweza kulifanya. Alivuta sigara mara moja, akaishikilia tishu nyeupe kwenye midomo akapuliza, pakabaki duara la rangi ya kahawia iliyokolea, ukiligusa linanata kidogo, na harufu haikutoka kwenye vidole mpaka kesho yake. Akavuta vepu, akapuliza kwenye tishu nyingine, pakabaki unyevu tu ambao baadaye ulikauka. Inavutia macho lakini tusiipe uzito kuliko unaostahili, kaboni monoksaidi haiachi doa lolote kwenye tishu na ni sumu kali, kwahiyo kutoona doa siyo ushahidi wa usalama.

Historia yenyewe tuipitie haraka. Mmarekani Herbert A. Gilbert aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku mwaka 1963, hakuna aliyeinunua. Iliyoshika ni ya Hon Lik, mfamasia wa China aliyekuwa mvutaji mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ndo iliyozaa hizi zilizopo leo.

Kwahiyo vepu ni salama? Hapana, na hapa lazima niwe makini. Ile asilimia 95 inayotajwa kila mahali, kwamba vepu ina madhara pungufu kwa 95%, ilitangazwa na Public Health England, iliyokuwa taasisi ya serikali ya afya ya umma kule Uingereza, mwaka 2015, na msingi wake ulikuwa makadirio ya jopo la wataalamu, siyo watu waliofuatiliwa miongo mingi wakahesabiwa wagonjwa. Kwamba madhara ni pungufu kwa mbali kuliko ya sigara, hilo limesimama vizuri, ila namba yenyewe isichukuliwe kama kipimo cha maabara. Hakuna binadamu aliyevuta vepu kwa miaka 40, kifaa chenyewe hakijafikisha umri huo. Koili ikipata moto kupita kiasi na pamba ikiwa kavu, glisarini na glaikoli zinaanza kuvunjika na kutoa kemikali ya sumu inayoitwa formaldihaidi, mvutaji anaijua hali hiyo kwa ladha chungu ya kuungua kooni, na ladha hiyo ni onyo la kusikiliza. Alafu kuna vifo vya Marekani vya 2019, watu zaidi ya 2,800 walilazwa au kufa kwa mapafu kuharibika ghafla, waliofariki wakiwa 68 kufikia Februari 2020. Wengi wanavitaja kama ushahidi dhidi ya vepu za nikotini, ila uchunguzi ulielekea kwenye asetati ya vitamini E iliyochanganywa kwenye vimiminika vya bangi vya mtaani. Somo la pale ni usivute kimiminika usichojua kilikotoka.

Na kwa ambaye hajawahi kuvuta sigara, haya mahesabu yote hayamhusu, yeye hana moshi wa kuacha, anachopata ni uraibu tu.

Je, inasaidia kweli kuacha? Jaribio la Uingereza lililochapishwa 2019 lilichukua watu 886 waliotaka kuacha, nusu wakapewa vepu, nusu plasta, ubani wa kutafuna na vingine vya nikotini. Baada ya mwaka, 18% ya kundi la vepu walikuwa hawavuti sigara, kwa wenzao 9.9%. Karibu mara mbili. Lakini soma na upande wa pili, kati ya wale wa vepu waliofanikiwa, 80% walikuwa bado wanavuta vepu mwaka mzima baadaye. Moto walikuwa wameuacha, nikotini bado.

Sasa kosa la mwisho, na hili ndo la kawaida kuliko yote kwa wanaohama: kubakiza sigara mbili tatu. Akili inapiga hesabu nyepesi, nilikuwa navuta 20, sasa navuta 1, basi hatari imebaki 5%. Kwa kansa ya mapafu kupunguza kunasaidia kiasi, lakini moyo hauhesabu hivyo. Uchambuzi wa 2018 uliokusanya tafiti 141 ulionesha kwamba anayevuta sigara 1 kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mtu wa sigara 20. Nusu, kwa sigara moja! Chembe za damu zinazogandisha na kuta za mishipa zinashtuka hata kwa moshi kidogo, kama kengele ya mlangoni, ukiigusa kidogo tu nyumba nzima imeamka, na ukiibonyeza mara 20 hawawezi kuamka mara 20 zaidi.

Nilipolisoma hili nilimpigia kaka simu, maana nilijua anabakiza mbili za asubuhi. Kwenye kliniki aliyokuwa anaenda kuna kamashine unakapuliza kanasoma kaboni monoksaidi kwenye pumzi. Siku ya kwanza, bado mvutaji kamili, kalisoma 27. Miezi miwili ya vepu na zile mbili za asubuhi, 11. Alivyoziacha zile mbili akarudi na vepu yake mfukoni, akapuliza mbele yangu, ikasoma 2, na mimi ambaye sijawahi kuvuta nikapuliza baada yake nikapata 2.