Kulala Mlangoni mwa Theluji: Maana Yake kwa Familia Yenye Watoto

Familia nyingi za Kisumu, Kakamega na Nakuru zina ndugu Ujerumani, Uswisi au Ufaransa, na wakati mwingine mwaliko wa likizo ya Desemba huja na siku chache za kuteleza kwenye theluji. Ukianza kutafuta malazi, hukawii kukutana na tangazo lenye maneno ski-in ski-out. Maana yake ni hoteli au nyumba iliyojengwa kando ya mteremko wenyewe. Asubuhi mnavaa skii, yaani zile mbao ndefu nyembamba za kutelezea, mlangoni na kuteleza hadi kwenye lifti inayowapandisha mlimani, jioni mnarudi kwa kuteleza hadi mlangoni. Hakuna kungoja basi wala kutafuta pa kuegesha gari.

Kwa mtu mzima aliye peke yake hiyo ni starehe tu. Kwa mzazi ni jambo kubwa, na sababu iko miguuni. Viatu vya kutelezea mlimani ni ganda gumu la plastiki linaloubana mguu hadi katikati ya muundi, na kifundo hakikunjiki vizuri. Mtoto wa miaka sita akivivaa hutembea kwa kukanyagia kisigino, mwili umekakamaa. Skii anazibeba mara moja, moja inamponyoka, akiinama kuiokota helmeti inamshukia machoni. Mwishowe mama anabeba zake na za mtoto, huku baba akimbeba mdogo. Mita 300 za namna hiyo zinatosha kuwachosha wote kabla somo halijaanza. Na hapo ndipo mtoto husema anataka kwenda haja, naye amevaa ovaroli, glavu na sweta juu ya sweta.

Tusichanganye na viatu vya Philip Boit wetu wa Eldoret, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, Nagano 1998. Yeye alishindana katika mbio za skii za masafa marefu, ambazo viatu vyake ni vyepesi na kisigino huinuka. Wanaojifunza kuteleza mlimani hawapewi viatu vya aina hiyo.

Sasa, maneno ya tangazo yana upana wake. Ni kama hoteli ya Kisumu inayojiita ya ufukweni, ukifika unaambiwa upande boda boda ndipo uone ziwa. Ziko nyumba ambazo jioni unateleza hadi mlangoni, lakini asubuhi lazima upande ngazi ukiwa na skii begani. Nyingine ziko ng'ambo ya barabara. Omba ramani ya njia za kutelezea, uitafute nyumba hiyo juu yake, kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: njia inayopita mlangoni ni ya rangi gani?

Rangi ndiyo inayoamua. Ufaransa njia rahisi kabisa ni ya kijani, kisha buluu, nyekundu, na nyeusi ni ya mabingwa. Austria na Uswisi kwa kawaida huanzia buluu. Familia inayojifunza haiwezi kushuka nyekundu, kwa hiyo nyumba iliyo kando ya njia nyekundu ni pesa iliyopotea, hata iwe nzuri vipi. Kwa maoni yangu, wanaoanza waache kwanza kutazama mlango na mteremko. Watazame umbali kutoka kitandani hadi mahali shule ya skii inapokusanya watoto, na hadi uwanja wa wanaoanza. Hata ukitembea dakika tano kwenye tambarare, umepata karibu yote unayoyataka.

Mfano mzuri uko Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi. Avoriaz, mji uliofunguliwa mwaka 1966, hauna magari: wageni huacha magari mlangoni mwa mji, na mizigo huweza kuvutwa kwa farasi. Njia za theluji hupita katikati ya majengo na shule ya watoto iko hapo hapo. Chini yake kuna Morzine, mji wa zamani wenye maduka na maisha ya kawaida, lakini familia iliyolala huko ikitaka Avoriaz hupanda basi kisha lifti ya kebo. Avoriaz iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nakuru. Morzine iko kama mita 1,000, chini hata ya Kisumu. Mtu wa Nakuru basi asihofie kimo. Atakachokisikia ni baridi.

Kimo hicho kina maana nyingine. Mapema Desemba, na tena Aprili, theluji ya miji ya chini inaweza kukosekana huku juu ikiwepo. Nyumba ya mlangoni mwa theluji isiyo na theluji mlangoni ni nyumba ya kawaida kwa bei ya juu. Kwa likizo zetu za shule, miji ya juu ina uhakika zaidi.

Kama viza ya Ulaya inasumbua, kuna Afriski nchini Lesotho, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Msimu wake ni Juni hadi Agosti, unaoangukia likizo yetu ya Agosti. Mteremko mkuu ni wa kilomita moja hivi, na malazi ya kituo yako chini yake, kwa hiyo swali la umbali halipo. Mapema Agosti ni salama kuliko mwishoni, na huko kimo hata mtu wa Nakuru atakisikia akianza kupanda ngazi.