Kutulia si kupona

Hapa Dodoma jina la Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, limegeuzwa tusi. Mtu akikosea jambo dogo tu, wenzake wanamwambia atapelekwa Mirembe. Familia inayomleta mgonjwa kutoka Kondoa au Mpwapwa imekua ikilisikia tusi hilo, na mara nyingi inafika kwetu waganga wote wameshazungukwa, ng'ombe wameuzwa, mgonjwa ana makovu ya kamba mikononi. Siwalaumu. Hofu yao ina asili yake, na sehemu yake tumeitengeneza sisi watu wa tiba.

Hospitali ya Mirembe ilianza mwaka 1927, enzi za Waingereza. Mwaka huohuo daktari wa Austria, Julius Wagner-Jauregg, alipewa Tuzo ya Nobel kwa kuwaambukiza wagonjwa malaria kwa makusudi. Malaria hii hii tunayoikimbia kwa vyandarua. Wagonjwa wake walikuwa na kaswende iliyofika kwenye ubongo. Homa kali ya malaria ilikusudiwa kuipiga kaswende hiyo; ikishafanya kazi yake, wanapewa kwinini. Wapo waliopata nafuu ya kweli, na wapo waliokufa kwa malaria yenyewe. Penisilini ndiyo iliyoiondoa tiba hiyo.

Mwaka 1935 daktari Mreno, Egas Moniz, alianzisha upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Naye akapewa Nobel, mwaka 1949. Marekani, daktari Walter Freeman alikuwa akipitisha chuma chembamba juu ya jicho la mgonjwa hadi kwenye ubongo. Mgonjwa aliyekuwa akipiga kelele alinyamaza, lakini wengi walipoteza pia hamu ya kazi, ucheshi, hata mapenzi kwa watoto wao. Ukimya huo ukaandikwa kwenye mafaili kuwa ni nafuu. Kila ninapolifikiria jambo hili linaniuma.

Tiba ya umeme, yaani kupitisha umeme kichwani hadi mgonjwa apate degedege, iliyoanza Roma mwaka 1938, ina habari tofauti. Mwanzoni ilitolewa bila nusukaputi, na wengine walivunjika mifupa kwa degedege. Siku hizi, ikifanywa inavyotakiwa, mgonjwa analazwa usingizi na kupewa dawa ya kulegeza misuli, na kwa sonona kali inaokoa maisha.

Kisha mwaka 1952, Paris, ikaja klopromazini, dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili. Watu waliokaa wodini miaka mingi wakaanza kurudi makwao. Lakini dawa za kundi hili nazo zina maudhi: mikono kutetemeka, mwili kukakamaa, udenda, usingizi mzito. Klopromazini hufanya pia ngozi iungue upesi, na jua la Dodoma mnalijua, kwa hiyo anayeitumia avae kofia na mikono mirefu shambani. Ndugu wakiyaona hayo husema "dawa zimemmaliza", wanaziacha ghafla, na ugonjwa unarudi. Msiziache. Rudini kliniki mseme. Dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa, na kutetemeka kuna dawa yake.

Mgonjwa akikaa kimya kutwa nzima, hilo nalo mtuambie, maana wodini anaweza kuonekana ametulia kumbe dozi imemzidi. Msifiche makovu wala mitishamba aliyokunywa. Na mkija, mje na mtu anayemjua tangu utotoni, atueleze alikuwa akicheka nini, alikuwa akifanya kazi gani, kabla hajaugua.