Njia ya baiskeli ya changarawe milimani: maana yake, kwa mfano wa Usambara

Njia ya baiskeli ya changarawe ni barabara isiyo na lami, au barabara kadhaa zilizounganishwa, ambayo mtu anaweza kuipita akiwa juu ya baiskeli mwanzo hadi mwisho bila kushuka na kusukuma kila mara. Si kile kijia cha msituni chenye mizizi na ngazi za mawe. Hicho kina baiskeli yake, ile ya milima yenye springi na tairi nene. Wala si lami, ambako baiskeli ya mbio ndiyo mwenyeji. Njia hii iko katikati ya hizo mbili: barabara ya vumbi ya kijijini, barabara ya kutolea magogo, njia ya ndani ya shamba la chai. Asubuhi inapita Fuso la kabichi, jioni wanapita ng'ombe.

Kwa maana hiyo Afrika Mashariki imejaa njia za namna hii, na watu wamezipita na magunia ya mkaa na madumu ya maji kwenye keria miaka nenda rudi. Kilichochelewa ni baiskeli iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili yake, na mchezo wenye kanuni na mashindano. Mchezo huo ulikua zaidi Marekani, katika jimbo la Kansas, ambako mbio za mji wa Emporia zilianza mwaka 2006. Leo zinaitwa Unbound Gravel, na mzunguko wake maarufu ni wa kilomita zipatazo 320 kwa mkupuo mmoja. Shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, liliandaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa changarawe mwaka 2022 nchini Italia. Kenya ina Migration Gravel Race, mbio za siku nne katika eneo la Maasai Mara, zilizoanza 2021. Anayezitaja hizo hawezi kuacha kumtaja Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli Mkenya na nahodha wa Amani, timu ya waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki, aliyefariki Agosti 2022 akiwa katika mbio za changarawe jimboni Vermont, Marekani.

Ila Kansas haina milima. Ukiipeleka dhana hii nyanda za juu, hesabu zake zinabadilika kabisa, na hapo Usambara Magharibi, mkoani Tanga, inafaa kuwa darasa.

Mombo iko bondeni, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, kwenye mwinuko wa mita mia nne na ushee juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Kati yake kuna kilomita zipatazo 33 za lami inayojipinda kupitia Soni, maporomoko ya maji upande mmoja na ukuta wa mwamba upande mwingine. Kipande hicho si changarawe, lakini ndiyo ada ya kuingilia: kabla hujaanza njia yenyewe umeshapanda karibu kilomita moja kwenda juu. Wengi hupakia baiskeli kwenye basi hadi Lushoto, na sioni aibu yoyote hapo.

Kutoka Lushoto njia inayopendwa ni ile ya kupitia Magamba na Lukozi hadi Mtae, takriban kilomita 60. Mgeni akiiona kwenye simu anasema, kumbe kidogo, kwa muda wa saa tatu nitakuwa nimefika. Hapo ndipo anapokosea. Milimani kilomita hazisemi kitu peke yake. Kinachosema ni jumla ya kupanda, yaani mita zote ulizopanda njiani zikijumlishwa, bila kuondoa zile ulizoshuka. Tuseme njia inavuka mabonde matano, na kila bonde unashuka mita 200 na kupanda mita 200. Mwanzo na mwisho viko usawa mmoja, na ukitazama mwinuko wa vijiji viwili hivyo utadhani ni tambarare. Miguu yako lakini imepanda mita 1,000. Usambara ndivyo ilivyo. Vijiji vimekaa migongoni mwa milima, mito iko chini, na barabara haina budi kushuka hadi kwenye mto ndipo ipande tena ng'ambo.

La pili ni mteremko wenyewe ni mkali kiasi gani. Asilimia 10 maana yake kila mita 100 za barabara unapanda mita 10. Kwenye lami mtu mwenye mazoezi anasimama juu ya pedeli na kuimaliza. Kwenye changarawe ukisimama, uzito unaondoka gurudumu la nyuma, tairi linazunguka pale pale, na vijiwe vinaruka kama mahindi kikaangoni. Inabidi ubaki umekaa, uiname mbele kidogo, ukanyage polepole bila kushtua. Ndiyo maana baiskeli hizi zina gia nyepesi sana. Meno 40 mbele na meno 40 nyuma: pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja, na umesogea mita mbili na kitu. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda chini kidogo ya kilomita 8 kwa saa. Watoto wa shule watakukimbilia na kukupita, huku wakicheka. Waache.

Tairi ndilo linaloitofautisha zaidi baiskeli ya changarawe. Usukani wake umepinda kwenda chini kama wa baiskeli ya mbio, fremu ni ngumu, mara nyingi haina springi, lakini tairi lina upana wa milimita 40 hadi 50, wakati la mbio ni kama 28. Upana huo unaruhusu upepo mdogo, na upepo mdogo ndio springi yenyewe: tairi linabonyea juu ya jiwe badala ya kulirukia. Anayejaza hadi tairi liwe gumu kama la baiskeli ya mbio atatetemeka mikono hadi vidole vife ganzi. Wengi siku hizi hawaweki tyubu; wanaweka ndani ya tairi maji ya mpira yanayoziba tundu dogo lenyewe. Juu milimani utayahitaji mara chache. Ukishuka upande wa Mkomazi, kwenye nyika ya miiba ya migunga, utayashukuru. Hata hivyo beba tyubu moja ya akiba, kwa sababu fundi wa kijijini ana kiraka na solusheni, hana maji hayo wala tairi la saizi yako.

Sasa uso wa barabara, ambao hakuna ramani inayouonyesha sawasawa. Changarawe ya Usambara kwa kawaida ni kifusi kilichosambazwa na greda juu ya udongo mwekundu wa mfinyanzi. Kikiwa kipya kinakuwa kilaini na kirefu, gurudumu la mbele linatafuta njia yake lenyewe. Kikishindiliwa na malori kinakuwa kitamu kuliko lami iliyochakaa. Kikizeeka mvua inakikwangua, unabaki udongo na mawe yaliyochomoza, na mfereji uliochimbwa na maji katikati ya barabara. Kwenye kona na miinuko mikali utakuta matuta madogo yaliyopangana, yanayotengenezwa na magurudumu ya magari yanayorukaruka juu ya kokoto kavu. Usipite katikati. Mara nyingi kuna ukanda wa upana wa kiganja ukingoni, laini, uliosuguliwa na bodaboda. Huo ndio wako, hadi utakaposikia honi.

Mvua ikinyesha, njia ile ile inakuwa njia nyingine. Udongo mwekundu unaganda kwenye tairi, unajaa kwenye uma na kwenye breki, na gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo baiskeli ya gharama yoyote inabebwa begani. Masika, Machi hadi Mei, si wakati wake. Vuli, Oktoba hadi Desemba, ni bahati nasibu. Juni hadi Septemba barabara hukauka, ingawa Magamba asubuhi kuna ukungu na baridi ya kweli, maana msitu ule una vilele vinavyopita mita 2,200. Ukipanda unatoka jasho, ukianza kushuka jasho linageuka barafu. Jaketi la upepo si pambo.

Kushuka ndiko kunakojeruhi watu. Breki za diski zimesaidia sana, lakini hazishindi kokoto: ukikamata breki ndani ya kona, tairi linateleza na baiskeli inaondoka chini yako. Unapunguza mwendo kabla ya kona, halafu unaachia. Na kona za Usambara hazionyeshi kilicho mbele. Huenda ni lori limejaa viazi likipanda katikati ya barabara, na haliwezi kukupisha hata likitaka.

Ukitaka kujua kama kijia fulani kwenye ramani kinafaa, usiulize kama ni kizuri. Kila mtu atakwambia ni kizuri, karibu sana. Waulize vijana wa kijiweni: bodaboda inapita na abiria? Ikipita na abiria, baiskeli ya changarawe inapita. Ikiwa abiria hushuka mahali fulani na kutembea, uliza ni wapi, na nawe utashuka papo hapo. Wakisema bodaboda haifiki, ila watu hupita kwenda sokoni, basi hiyo ni njia ya miguu, na wenzako wenye baiskeli za milima ndio wa kuwaachia.