Polepole sio rahisi, jamani

Jana tena. Nimetoka kufundisha, nimekaa zangu barazani na kahawa tungu, simu ikalia, ni meseji ya dada mmoja: "Mwalimu sijawahi kufanya yoga na mwili wangu mgumu kama kuni, nataka kuanza na yin manake nasikia ndio ya polepole." Mwezi huu peke yake ni wa tano huyo na wote hesabu yao ni moja, polepole kwa hivyo rahisi, rahisi kwa hivyo ya wanaoanza. Nshachoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa, mwengine akiuliza namtumia linki basi.

Staili nyengine za yoga tuzipite mbio kwanza. Hatha sio staili ya wavivu, ni mti mzima, pozi karibu zote unazoona Instagram ni za hatha, ila bango la hoteli kule Shela likiandika "hatha" huwa ni darasa la taratibu lisilo na kukimbizana. Ashtanga mpangilio wake haubadiliki, pozi zile zile, zafuatana vile vile, leo na kesho. Vinyasa, ile ya kutiririka pozi kwa pozi na pumzi, ilitoka humo lakini kila mwalimu apika mchuzi wake, kwa hivyo ukiniuliza ni ngumu ama rahisi nami ntakuuliza, ya nani? Bikram ni pozi 26, dakika 90, chumba kimepashwa moto mpaka digrii kama 40, na mtu wa Lamu alipie joto mwezi wa pili kaskazi ikiwa imelala, aa, hilo mniwie radhi. (Na kutoa sumu kwa jasho pia wacheni, sumu kazi ya ini na figo, jasho ni maji na chumvi.) Halafu kuna Iyengar, ya kupimana mpaka kidole cha mguu kimeelekea wapi. Cha kuchekesha ni kuwa Iyengar mwenyewe, mwenye staili hiyo, na Pattabhi Jois wa ashtanga wote walisoma kwa mzee mmoja, Krishnamacharya, kule Mysore, India, lakini ukiingia madarasa ya staili zao utadhani hawajawahi kuonana.

Sasa yin. Kwenye yin waingia kwenye pozi, walegeza misuli, watulia dakika tatu mpaka tano. Hapo kwenye kulegeza misuli ndipo watu wanaponiudhi, manake msuli ndio unaoshika kiungo, ukiulegeza ule mzigo hauendi mbinguni, waenda kwenye kano na kwenye kiungo chenyewe. Kwa mtu anayeujua mwili wake hakuna neno. Lakini anayeanza bado hajui kutenganisha ule uvutaji wa msuli katikati ya paja na yale maumivu membamba ya ndani ya goti, kwake yote ni "nasikia kitu". Kwenye vinyasa ukikosea umekosea pumzi tano ushatoka, kwenye yin umekosea dakika tano nzima, macho umefumba, na mziki wa filimbi juu.

Nina mwanafunzi, muuza mahamri, viungo vyake ni vya kamba. Akinyoosha mkono kiwiko charudi nyuma, pozi la njiwa aingia kama aketi kitandani. Alikuwa akifanya yin kwengine kabla hajaja kwangu. Namuuliza wasikia wapi, anambia sisikii kitu mwalimu, na hilo ndilo tatizo lenyewe, msuli haufanyi kazi, amening'inia kwenye nyonga zake tu. Alipokuja alikuwa hapandi ngazi za nyumbani bila kushika ukuta. Dawa yake haikuwa kuvutwa zaidi, ilikuwa nguvu, kusimama, pozi la kiti, magoti yatetemeke, na alinichukia wiki tatu nzima.

Na upande wa pili kuna fundi wa mashua, mtu wa Matondoni, hamsini na kitu. Naye alikuja na wimbo ule ule, mimi mgumu. Mgumu wapi? Huyu ashinda amechutama chini ya mashua atia kalfati, nyonga zake ni za mtoto! Ugumu wake uko mabegani kwa ajili ya tezo, na nyuma ya mapaja. Nilimkalisha kwenye ncha ya mkeka uliokunjwa mara nne, nikapitisha leso kwenye nyayo, akashika ncha mbili, nikamwambia usivute kichwa kiende magotini, nyanyua kifua tu. Mgongo ukasimama, mapaja yakaanza kutetemeka kama tanga likikosa upepo, akaniangalia: "Kumbe ni hapa!" Hiyo ndiyo Iyengar, kwao mikanda na vipande vya mbao, kwetu leso na kiti cha plastiki. Na ni polepole vile vile, ila msuli hujauacha.

Sisemi yin mbaya, mimi mwenyewe naifanya usiku na nalala kama nimepigwa. Lakini miaka mingi nimewaambia watu yin yayeyusha fashia, ule utando unaofunika misuli, kwa sauti ya mtu mwenye hakika, na leo naona haya, manake naona huenda mwili wazoea tu kuvutwa, hakuna kilichoyeyuka. Na pengine mimi napendelea, manake aliyeniumiza mimi ni ashtanga, msuli wa nyuma ya paja pale juu kabisa chini ya tako, nilikuwa najivutia kichwa magotini kwa fahari, karibu mwaka mzima siketi kwenye benchi la boti bila kujigeuza ubavu. Tena kuna watu niliowakemea wakaacha yin yao, wakaja kwangu mara mbili, leo hawafanyi chochote. Hao sijui niseme niliwasaidia nini.

Dada, kwa hivyo jina la staili liweke kando kwanza. Nenda kaangalie mwalimu. Akikuuliza kuhusu goti na mgongo kabla hujatandika mkeka, akizunguka katikati ya watu, kaa hapo hata kama bango limeandikwa nini. Akifanya mazoezi yake mwenyewe mbele mwanzo mpaka mwisho kama yuko kwenye video, shika viatu vyako. Presha, mimba, presha ya macho, sema mapema, kuna pozi za kichwa chini hutafanya na hutakosa kitu.

Kwangu njoo Jumanne, juu ya paa, kabla jua halijapanda. Lete leso moja kuukuu ya pamba, sio ile ya polista, yateleza mguuni.