Chupa moja haimalizi mwezi

Siku ya 24 jioni ndipo hesabu inapogoma. Bibi mmoja wa Mbagala, mteja wangu wa siku nyingi hapa Magomeni, Dar es Salaam, ana kisukari na huchoma insulini ya mchanganyiko yuniti 26 asubuhi na 16 jioni, jumla 42 kwa siku. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Inamfikisha siku 23 bila shida. Ya 24 asubuhi anapata dozi kamili, jioni zinabaki yuniti 8, nusu ya anachohitaji. Na hapo sijahesabu zile zinazopotea akitoa mapovu kwenye bomba la sindano.

Kadi yake ya bima inaruhusu chupa moja kwa mwezi.

Mimi ni mfamasia, na kisukari ninacho tangu nikiwa chuo, kwa hiyo dirisha la bima nalijua pande zote mbili. Nikiwa ndani, mimi ndiye ninayesema, "Bibi, mfumo unakataa, bado siku sita." Nikiwa nje naambiwa mimi, na hasira inanipanda kama mtu mwingine yeyote, japo najua kilichoko nyuma ya kioo.

Kilichoko ni hiki: duka la dawa halilipwi siku unapochukua dawa. Tunakusanya fomu za mwezi mzima, tunapeleka madai bima, na kule yanapitiwa mstari kwa mstari. Idadi ikizidi kiwango, sahihi ya daktari ikikosekana, msimbo wa ugonjwa usipolingana na dawa, mstari unakatwa. Makato hayo ni hasara ya duka. Niliwahi kukatwa chupa nne kwa ajili ya tarakimu moja tu: mwezi mmoja fomu ilisema E10, kisukari cha aina ya kwanza, uliofuata ikasema E11, aina ya pili. Mgonjwa yuleyule, dawa ileile. Baada ya hapo hata mimi niliyekuwa mpole nikawa mgumu dirishani.

Sisemi kudhibiti ni uonevu. Wapo wanaoazimana kadi, wapo wanaochukua dawa wakaziuze. Ila kanuni hizi zimeshonewa mgonjwa wa malaria, ameze dawa siku 3, apone, faili lifungwe. Wa sukari hana siku ya kufunga faili.

Sasa tazama zile siku sita zinavyofanya kazi. Bibi hana hela ya kununua kwa keshi kila mwezi, kwa hiyo anabana: 26 inakuwa 18, 16 inakuwa 10, ili chupa ifike. Sukari inapanda polepole, haanguki, hakuna anayeshtuka. Akienda kliniki anapimwa kile tunachokiita kipimo cha miezi mitatu. Kinasoma sukari iliyogandamana na chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi siku 120 hivi, kwa hiyo kila siku aliyobana imo humo. Majibu mabaya. Daktari, ambaye hajaambiwa habari ya kubana kwa sababu bibi anaona aibu, anaongeza dozi: 30 asubuhi, 20 jioni. Yuniti 50 kwa siku. Chupa ileile sasa inaisha siku ya 20, na pengo la siku sita limekuwa la kumi.

Hilo nimeliona kwa wagonjwa wengi mno. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na mazungumzo mengi mtaani ni nani ataingia na atalipa ngapi. Mimi nangoja kusikia mtu akiuliza chupa ngapi.

Kwa bibi, kilichosaidia kilikuwa kalamu ya daktari. Cheti chake miaka yote kiliandikwa "insulini, chupa 1". Nilimpigia daktari, nikamweleza kubana kote, akarudisha dozi ya 42 na kuandika upya: yuniti 26 asubuhi, 16 jioni, siku 30, chupa 2, msimbo uleule wa kwenye daftari la kliniki. Tukaomba bima kibali cha chupa ya pili mapema, Jumatatu, maana ukiomba Ijumaa mchana umejitakia. Kilirudi Alhamisi. Anayeidhinisha akiona dozi ya siku anaweza kugawa mwenyewe; akiona "chupa 1" hana cha kugawa.

Chupa iliyofunguliwa anaiweka kwenye chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi, kwa joto hili la Dar. Ya pili, ambayo haijafunguliwa, iko kwenye friji ya jirani anayeuza barafu. Nilimsisitiza: mlangoni, si juu kwenye kugandisha, insulini ikiganda imekufa.

"Nimemwambia, mwanangu," akanijibu. "Na watoto wake nimewaambia hiyo si ya ukwaju."