Jalada liko kwa nani? Dhana potofu kuhusu kesi za jinai Tanzania

Mtu akikamatwa, ndugu zake huanza kuzunguka. Leo kituoni, kesho mahakamani, keshokutwa gerezani, na kila dirisha wanaambiwa "si hapa". Wanarudi nyumbani wakiamini wamezungushwa makusudi. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi wamegonga mlango ambao jalada halipo.

"Polisi ndio wanaoamua nani ashtakiwe."
Polisi hupokea taarifa, hukamata na kupeleleza. Uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, ambaye ofisi yake imetajwa katika ibara ya 59B ya Katiba. Waendesha mashtaka wake wakiona ushahidi hautoshi, wanaweza kulirudisha jalada polisi lifanyiwe kazi zaidi, au kulifunga.

"Kesi ni yangu, nikisamehe imekwisha."
Soma hati ya mashtaka: Jamhuri dhidi ya fulani. Wewe ni shahidi. Kwa makosa madogo mahakama inaweza kuhimiza mpatane, na katika Mahakama ya Mwanzo kwa kawaida mlalamikaji hueleza kesi yake mwenyewe. Lakini ubakaji haumalizwi na wazee sebuleni. Familia inayopokea fidia na kumficha mtoto asiende kutoa ushahidi haijafuta kosa. Imemwacha mtoto peke yake.

"Hakimu anamkalisha ndugu yetu rumande."
Hili hunigusa kuliko yote. Kesi ya mauaji husikilizwa Mahakama Kuu, ila huanzia mahakama ya chini, ambako mshtakiwa huambiwa asijibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kuisikiliza. Kisha kila baada ya wiki mbili hivi analetwa, inasemwa "upelelezi haujakamilika", tarehe inapangwa, anarudishwa mahabusu. Dhamana hapewi, maana sheria imeifunga kwa kosa hilo. Hakimu hawezi kwenda kutafuta mashahidi wala kuandika ripoti ya maabara. Anayesubiriwa ni mpelelezi, na nyuma yake mwendesha mashtaka. Mkuu wa gereza naye anamshikilia mtu kwa amri ya mahakama tu. Kumlilia ni kumwonea.

Huyo mahabusu bado hajatiwa hatiani. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza kumtendea kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Tume iliyoundwa mwaka 2023 na Rais Samia Suluhu Hassan, ikiongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipewa taasisi zote za haki jinai izitazame pamoja, na naamini hivyo ndivyo ilivyopasa: uzembe wa ofisi moja hulipwa kwa miezi ya mtu aliye katika ofisi nyingine.

"Ameachiwa, basi kahonga."
Rushwa ipo, sikatai. Lakini Jamhuri hutakiwa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka yoyote ya msingi. Shahidi muhimu asipofika, kesi huanguka bila senti kutoka mfukoni mwa mtu.

Tena kuachiwa si kwa aina moja. Aliyeonekana hana hatia baada ya kesi kusikilizwa hashtakiwi upya kwa kosa hilo, ingawa DPP anaweza kukata rufaa. DPP akiiondoa kesi kabla ya hukumu, mtu anaweza kukamatwa tena kwa kosa lilelile. Kwa hiyo kabla hamjakodi gari la kumrudisha nyumbani, muulizeni karani: ameonekana hana hatia, au kesi imeondolewa?