Kisukari, kibarua na mbio ndefu: maswali na majibu

Mwishoni mwa Februari, Kilimanjaro Marathon inapokaribia, Moshi hujaa wakimbiaji, na si wote wenye damu isiyo na hitilafu. Maswali haya ni ya mwenye kisukari anayefanya mazoezi alfajiri kisha anawahi kazini. Vipimo vyote vya sukari ya damu hapa ni vya mmol/L. Kama mashine yako inasoma mg/dL, zidisha namba za hapa kwa 18.

Nina kisukari aina ya kwanza, najidunga insulini kila siku. Kukimbia kilomita 42 si kujitafutia balaa?

Hapana, ila usikurupuke. Team Novo Nordisk ni timu ya baiskeli ya kulipwa ambayo waendeshaji wake wote wana kisukari aina ya kwanza, na wanashindana na timu nyingine bila kupendelewa. Kwa aina ya pili yupo Mwingereza Steve Redgrave, mpiga makasia aliyegundulika mwaka 1997, akachukua dhahabu yake ya tano ya Olimpiki huko Sydney mwaka 2000.

Hao wana madaktari pembeni. Wewe una kliniki ya mara moja moja na stripu (vipande vya kupimia sukari) unazonunua mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuanza, pimwa macho, figo, moyo na hisia za miguu. Mwenye mishipa ya macho iliyoharibika sana anaweza kuvuja damu ndani ya jicho kwa mazoezi mazito, na hilo huwezi kulijua kwa kujitazama kwenye kioo.

Nikimbie sukari ikiwa ngapi?

Kwa mazoezi ya mwendo wa kawaida, kuanzia 7 hadi 10 ni pazuri. Chini ya 5, kula kwanza gramu 10 hadi 20 za sukari ya haraka, subiri, pima tena. Ikizidi 15 bila sababu unayoijua, pima ketoni, yaani tindikali ambazo mwili hutoa unapochoma mafuta badala ya sukari. Vipimo vya mkojo vinapatikana kwenye maduka mengi ya dawa. Ketoni zikiwa nyingi, usikimbie hata kama unajisikia mzima, maana mwili umepungukiwa insulini na mazoezi yatazidisha. Na kama ndani ya saa 24 zilizopita sukari ilishuka hadi ukahitaji kusaidiwa na mtu, leo pumzika.

Nikikimbia polepole sukari inashuka, nikipandisha mlima kwa kasi inapanda. Mashine imeharibika?

Mashine ni nzima, haina kasoro. Mwendo wa taratibu unaifanya misuli ivute sukari kutoka kwenye damu. Mwendo mkali unamwaga adrenalini, homoni ya mshtuko, nayo inaliamuru ini kuachia sukari nyingi kuliko misuli inavyoweza kutumia. Kule Moshi utayaona yote mawili siku moja, kwa sababu njia inapanda kuelekea Mweka kisha inashuka.

Natumia insulini ya mchanganyiko, ile ya kichupa ya 30/70, asubuhi na jioni. Nipunguze kiasi gani?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na maelezo mengi unayokutana nayo hayakuhusu, kwa kuwa yameandikwa kwa ajili ya watu wanaotumia insulini za kisasa za kalamu au pampu.

Insulini ya 30/70 ina sehemu mbili ndani ya kichupa kimoja: asilimia 30 ya muda mfupi na 70 ya muda wa kati. Tuseme umejidunga saa moja asubuhi. Sehemu ya muda mfupi inafikia kilele baada ya saa mbili au tatu hivi, yaani saa tatu na saa nne. Sehemu ya muda wa kati inapamba moto kuanzia kama saa tano asubuhi na inaweza kuendelea hadi jioni. Ndiyo maana kukimbia saa kumi na moja alfajiri, kabla ya sindano, mara nyingi kuna unafuu: dozi ya jana jioni imeshachoka. Ukikimbia jioni baada ya kazi, unaweza kukuta dozi ya asubuhi bado iko mzigoni, na misuli nayo inavuta. Hapo watu huanguka.

Tatizo la mchanganyiko ni kwamba huwezi kupunguza sehemu moja ukaiacha nyingine. Mwenye sindano mbili tofauti, moja ya chakula na nyingine ya muda mrefu, anaweza kuambiwa na daktari apunguze ile ya chakula kwa asilimia 25 hadi 75 kama atakimbia muda mfupi baada ya kula. Wewe silaha yako kubwa ni chakula na saa ya kukimbia. Mpelekee daktari daftari la vipimo vyako vya siku za mazoezi, mkubaliane dozi ya siku hizo, na umuulize waziwazi kama unaweza kuhamishiwa sindano mbili. Kuacha insulini kabisa kwa sababu "leo nakimbia", hapana. Na usijidunge pajani kabla ya kukimbia. Mguu unaofanya kazi huinyonya insulini haraka kuliko ulivyopanga, tumia tumbo.

Njiani nile nini?

Mbio zikizidi saa moja, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa. Ndizi mbivu ya wastani ina kama 25, na soda ya mililita 350 ina kama 35. Glukosi ya unga ni rahisi zaidi: funga kwenye vimfuko vidogo, ubebe mwenyewe. Meza ya njiani inaweza kuishiwa, au ikakupa kinywaji kisicho na sukari, ambacho kwako wakati huo hakina maana.

Alfajiri nakimbia vizuri tu. Mbona saa tano, nikiwa ofisini, natetemeka na jasho linanitoka?

Kwa sababu umevua raba lakini misuli haijamaliza. Inajaza upya akiba yake ya sukari, kazi inayoweza kuendelea hadi siku inayofuata, na wakati huohuo sindano ya asubuhi inapanda kileleni. Watu wengi huilinda ile saa moja ya barabarani na kuzisahau saa kumi zinazofuata.

Kwa hiyo siku ya mazoezi pima saa nne, usingoje kutetemeka. Ikiwa chini ya 4, chukua gramu 15: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa sukari kwenye maji, au nusu ya ile soda. Subiri dakika 15, pima tena, kisha kula kitu cha kushikilia tumbo, si chai tupu.

Kama umekimbia jioni, hatari inahamia usiku wa manane. Pima kabla ya kulala. Kama unaendesha bodaboda, daladala au lori, pima kabla ya kushika usukani: chini ya 5 usiondoke bila kula, na kama sukari imeshuka, subiri dakika 45 baada ya kurudi sawa. Abiria watanung'unika. Waache.

Lazima niwaambie kazini?

Waambie angalau wawili walio karibu nawe, na uwaoneshe droo yenye glukosi. Mtu ambaye sukari imemshuka huongea ovyo, hukasirika bure, hupepesuka, na wengi hudhani amelewa. Waelewe pia kwamba ukizimia wasikumiminie kitu mdomoni. Wakulaze ubavu, wakuwahishe hospitali.

Mimi ni aina ya pili, natumia vidonge. Haya yananihusu?

Inategemea kidonge. Metformini peke yake ni nadra kukushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi inashusha vizuri tu, kwa hiyo beba glukosi kama wenzako. Ukiwa kwenye dapagliflozini au empagliflozini, zungumza na daktari kabla ya mbio ndefu: dawa hizi huongeza mkojo, na zinaweza kuleta ketoni hata sukari ikisoma kawaida.

Insulini naihifadhije kwenye joto, sina friji?

Chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowana, insulini kwenye kile cha ndani, kivulini penye upepo. Usiiache kwenye gari.

Na miguu?

Itazame kila siku, katikati ya vidole hasa. Mwenye ganzi anaweza kumaliza kilomita 20 na lengelenge lililopasuka asijue.

Siku ya mbio nilipima 14 kabla ya kuanza, na sikuwa nimekula vibaya. Nijidunge?

Mara nyingi ni adrenalini ya kiherehere, nayo hushuka yenyewe mbio zikitulia. Kama hukusahau sindano na ketoni hazipo, anza taratibu, pima njiani, usikimbilie kujidunga dozi nzima ya kushusha. Ukimaliza, bia ya kujipongeza isitangulie chakula: ini likishughulika na pombe haliachii sukari inavyotakiwa, na huo ndio usiku ambao misuli inadai zaidi. Kula kwanza, pima kabla ya kulala, na mwambie mnayelala chumba kimoja akuamshe saa nane upime tena.